Baba, kijana na Land Rover iliyokuwa juu ya mawe

Kuanzia Januari 2025, pale nyumbani Elerai baba na mdogo wangu walikuwa na mazungumzo ya aina moja tu. "Shikamoo, baba." "Marahaba. Umesoma?" "Ndiyo." Baada ya hapo kila mtu na chumba chake.

Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yalikuwa yametoka. Dogo alipita, lakini kwa kukwangua. Baba, aliyeendesha magari ya watu miaka thelathini ili sisi tukae darasani, aliyapokea matokeo yale kama tusi. Alisema mengi siku ile, na la mwisho lilikuwa hili: "Sikukulipia ada uje kuwa mshika spana."

Neno la spana halikutoka hewani. Mwalimu alishasema kijana anakaa nyuma ya darasa, haandiki, na mchana hutoroka. Jirani naye akaleta habari kwamba amemwona gereji Mbauda, amelala chini ya gari la mtu.

Mimi nina miaka 28, naandika habari za afya, na kila wiki nawahimiza wazazi wa watu wengine waongee na watoto wao. Ndani ya nyumba yetu sikuwa na la kusema. Nikimwuliza dogo ana nini, ananijibu, "Hamna kitu, dada."

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa duniani kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Nilikuwa naijua takwimu hiyo kwa moyo. Nikawa nalala nikijiuliza kama huyo mmoja yuko chumba cha pili.

Gari la uani

Nyuma ya nyumba yetu kuna Land Rover pikapu, ile ya 109 ambayo baba huiita "wanonaini". Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Alilinunua gari hilo mnadani nikiwa sijazaliwa, likabeba mahindi, saruji, wagonjwa na maharusi, kisha likafa. Tangu 2011 lilikuwa juu ya mawe, kuku wakitagia kwenye bodi.

Mkazi wa Arusha hahitaji kuelezwa Land Rover ni nini kwetu. Zimepeleka watalii Serengeti, zimebeba wachimbaji Mirerani, na zimefika vijiji ambavyo basi halikufika. Oktoba 2024 mamia ya magari hayo yalikusanyika hapa mjini kwa tamasha lake. Dogo alikwenda kuangalia na kurudi na picha simu nzima. Nadhani ndipo lilipoanza.

Jumamosi moja ya Februari baba alitoka uani akakuta miguu miwili imechomoza chini ya pikapu lake. Mimi nilikuwa dirishani, nikasubiri ngurumo.

"Unafungua nini?"

"Startaa, baba."

Kimya. Kisha baba akachuchumaa. "Ile bolti ya juu umeifikiaje? Mimi ilinishinda."

Hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ndefu kati yao kwa wiki kadhaa.

Kilichofuata ni Jumamosi na Jumapili za miezi mitano. Injini ni ya petroli, lita 2.25, silinda nne, ya kizamani kiasi kwamba ukifunua boneti unaona hadi chini. Walifungua kabureta wakaiosha. Walibadilisha plagi, platini na gasketi ya silinda hedi. Vipuri vingine walivipata kwa wauza magari chakavu, vingine fundi mmoja wa Unga Limited alivichonga. Fedha ilitoka kwenye kodi ya chumba cha nyuma na kwa mbuzi wawili. Mama alisema gari lile limekula mbuzi kuliko fisi.

Waligundua pia kwamba bodi ni nzima, bali chesisi imeoza. Ndivyo Land Rover za zamani zilivyo. Zilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, ambayo haishiki kutu kama chuma. Chesisi ilibaki ya chuma. Ukiiangalia kwa nje utadhani gari ni zima, kumbe linakula kutu chini kwa chini.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa mapambo. Dogo alitaka rangi nyeusi isiyong'aa, taa za LED na spika mbili kubwa. Baba alitaka kijani kilekile cha zamani na kimya kilekile. Walibishana wiki tatu, na nawaambia ukweli, sijawahi kufurahia ubishi kama ule. Mwishowe walikubaliana kijani kwenye bodi, nyeusi kwenye rimu, taa za LED mbili tu, na spika moja. Mabenchi ya mbao ya nyuma dogo aliyachora mwenyewe kwenye daftari la hisabati, kwa vipimo, na seremala hakubadilisha hata kimoja.

"Wewe unayasoma yale kutoka hapa?"

Jumapili moja jioni walikuwa wamekaa kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, umeshushwa, wanakunywa chai. Mbele yao kwa mbali ni barabara. Nilikuwa nimeshika tochi na spana namba 13, maana mimi mtoto wa kike, ambaye udogoni sikuwahi kuitwa chini ya gari, mwaka huu nami niliajiriwa.

Baba ana tabia ya udereva. Akikaa popote anahesabu magari. Akasema, "Angalia hicho kifodi cha Kwa Mrombo, kimejaza mpaka mlangoni."

Dogo akauliza, "Umejuaje ni cha Kwa Mrombo?"

"Si kimeandikwa mbele pale."

Dogo akanyamaza kidogo. Kisha, bila kumwangalia, akasema, "Baba, wewe unayasoma yale maandishi kutoka hapa?"

Baba alianza kucheka, akaacha. Akamwonyesha kibao cha duka lililo ng'ambo ya barabara. "Soma pale." Dogo akakunja macho. Aliona kibao ni cha bluu. Maandishi hakuyaona.

"Na ubaoni, shuleni?"

"Huwa nanakili kwa jirani. Nikikaa mbele naona kidogo, ila kidato cha pili warefu tulihamishiwa nyuma."

"Tangu lini?"

"Kidato cha kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani kila mtu anaona hivyo."

Baba aliweka kikombe chini akaingia ndani. Baadaye alinigongea mlango. "Mama," ndivyo anavyoniita, "kliniki ya macho inafungua saa ngapi kesho?"

Kipimo kilionyesha dogo haoni mbali. Karibu anaona vizuri kabisa. Gereji kila kitu kiko umbali wa mkono: nati, uzi wa bolti, mwanya wa plagi. Pale alikuwa hodari kwa sababu pale alikuwa anaona. Darasani alikuwa anakaa saa nane mbele ya ubao wenye ukungu, na sisi tukamwita mvivu.

Nami nijihesabu humo. Nimeandika makala kadhaa kuhusu macho, na kila jioni nilikula meza moja na kijana anayekunja uso kuangalia televisheni.

Dalili za kuangalia nyumbani

Tatizo la kutoona mbali mara nyingi huanza utotoni au ujanani na huongezeka mtoto anavyokua. Huja polepole, ndiyo maana mwenyewe anaweza asijue. Mwangalie mwanao kama anakunja macho akitazama mbali, anasogelea televisheni, anaumwa kichwa baada ya shule, anashindwa kumtambua mtu aliye mbali, au madaftari yake yana makosa ya kunakili wakati akiulizwa kwa mdomo anajua.

Mpeleke apimwe. Usimpe miwani yako ya kusomea, wala zile zinazouzwa barabarani. Hizo ni za kuonea karibu, na kwa asiyeona mbali zitazidisha ukungu. Pia si kweli kwamba miwani sahihi huharibu macho au humfanya mtoto awe mtumwa wake. Akishavaa, mrudishe kupimwa kila mwaka, kwa sababu nambari hubadilika.

Mkifungua gari nyumbani

Najua baadhi yenu mtakwenda kuangalia lile gari bovu lililo uani. Kabla hamjaanza, kuna mambo ambayo mimi na baba tuliyagombania.

La kwanza ni petroli. Nilimkuta dogo ameweka mpira mdomoni anavuta mafuta kutoka tangini, baba amesimama pembeni ameshika ndoo. Nilipopiga kelele, baba akasema, "Sisi tumevuta maisha yetu yote." Ni kweli, na wapo waliokwenda hospitali. Petroli ikipita njia isiyo yake na kuingia kwenye mapafu, inaweza kuua. Tumieni pampu ya mkono. Mtu akimeza, msimtapishe na msimnyweshe kitu kwa nia ya kumtapisha, kwa kuwa akitapika inapata nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima. Na petroli isiwekwe kwenye chupa ya soda au maji, maana mtoto mdogo hawezi kujua.

La pili ni jeki. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Gari likishainuka, liwekeni juu ya stendi za chuma, mahali tambarare, matairi yanayobaki chini yakiwa yamezuiwa. Msitumie tofali, hupasuka bila taarifa. Nilipolisema hili niliambiwa gari limekaa juu ya mawe miaka 14 bila kuanguka. Nikajibu kwamba miaka 14 hiyo chini yake walilala kuku.

La tatu ni vumbi. Breki na klachi za magari ya zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo nyuzi zake zikivutwa zinaweza kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Msizipulize kwa mdomo wala kompresa. Loweni kwanza, futeni kwa kitambaa kibichi, kisha kitambaa hicho kifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Rangi za zamani nazo zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto wadogo. Tumieni msasa wa maji, watoto wadogo wakae mbali, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Petroli yenyewe iliwahi kutiwa risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia Januari 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, iliacha mwaka 2021.

La nne ni moshi. Injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huua mtu akidhani ana usingizi tu.

La mwisho ni barabara. Dogo ana miaka 16. Leseni ya gari kwa umri huo hakuna. Baba alimruhusu kusogeza gari uani tu, mbele mita tano, nyuma mita tano, na ufunguo analala nao mwenyewe.

Mpaka sasa

Pikapu halijakamilika. Breki bado, na bila breki halitoki getini. Shuleni mambo hayajageuka kwa miujiza. Hisabati na fizikia zimepanda, kemia imebaki palepale, na baba ameacha kuuliza "Umesoma?" Siku hizi anauliza, "Leo mmefundishwa nini?" kisha anasubiri jibu.

Nilimwuliza dogo kwa nini alimwambia baba jioni ile wakati mimi nilimwuliza mara ngapi. Akafikiri. "Wewe ukiniuliza unaniangalia, dada. Halafu unauliza kama unaandika."

Sina cha kumjibu. Kwa hiyo, mzazi, kama una kijana aliyefunga mdomo, sikuambii ununue gari. Inaweza kuwa baiskeli, banda la kuku, shamba la mboga au chapati za Jumapili. Chagua kazi anayoipenda yeye, kaa naye upande mmoja, macho yenu yote yawe kwenye kazi. Na siku akiuliza swali la ajabu, usicheke haraka.

Jumapili iliyopita walikuwa wamekaa tena kwenye mlango wa pikapu, chai mkononi, dogo na miwani yake mipya. Alisoma kila kifodi kilichopita mpaka baba akachoka.

"Hicho cha Ngaramtoni. Hicho cha Kwa Mrombo. Halafu baba, dereva wake hajafunga mkanda."

Tukutane wiki ijayo.