FEDHA ZA WATOTO WETU ZIMELALA SERIKALINI



Kila mwaka mwezi wa Juni twaonana katika foleni za saiba, hapa Ngong, kule Kitengela na mjini Kajiado. Kila mtu ameshika fomu yake ya P9 na kila mtu ana haraka, kwa kuwa tarehe 30 yakaribia na faini ya Shs. 2,000 yamngoja atakayechelewa. Kijana wa saiba huchukua karatasi, hunakili mshahara, hunakili kodi iliyokatwa, hubonyeza, hutoa risiti na kupokea ujira wake. Basi, imekwisha. Mfanyakazi hurudi nyumbani akishukuru Mungu kwamba hadaiwi. Hakuna aliyemwuliza: Je, wewe hudai?

Sisi twauliza leo, maana wako wengi katika chama hiki wanaodai, tena wanadai fedha za watoto wao, wala hawajui.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya yasema hivi. Mfanyakazi aliyekata bima ya maisha yake, au ya mkewe au mumewe, au ya mtoto wake, anastahili nafuu ya kodi ya asilimia 15 ya fedha anazolipa katika bima hiyo. Bima ya elimu ya mtoto imo, mradi muda wake usipungue miaka kumi. Bima ya matibabu imo pia. Nafuu hiyo haizidi Shs. 5,000 kwa mwezi, yaani Shs. 60,000 kwa mwaka. Haya si maombi wala si sadaka ya mtu. Ni sheria iliyoandikwa.

Sasa tupige hesabu. Mama mmoja alipa Shs. 3,000 kila mwezi katika bima ya elimu ya mwanawe. Asilimia 15 yake ni Shs. 450. Kwa mwaka ni Shs. 5,400. Kwa miaka mitano ni Shs. 27,000. Karo ya shule ya bweni ya kitaifa, ile wazazi waliyoizoea, ni Shs. 53,554 kwa mwaka. Mama huyu basi ameiachia Serikali nusu ya karo ya mwaka mzima, na huku anakwenda kukopa katika Sacco na kulipa riba ili mtoto asifukuzwe shule. Anakopa kwa riba, na fedha zake mwenyewe zimelala hazimzalii hata senti moja!

Tena kuna nyingine. Tangu Januari 2022 mchango wa NHIF ulitiwa katika nafuu hiyo hiyo ya asilimia 15, mpaka NHIF ilipoondolewa na SHIF kuanza tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara wa Shs. 36,000 alikatwa Shs. 950 za NHIF kila mwezi. Nafuu yake ni Shs. 142 na senti 50. Mtu atacheka na kusema hiyo ni nauli tu. Azidishe kwa miezi 33, aone kama Shs. 4,702 ni nauli. Wako waajiri walioitia nafuu hiyo katika hesabu ya mshahara kama ilivyopasa. Wewe je, umeitazama P9 yako? Hatusemi kuishika mkononi, twasema kuisoma.

Tuseme wazi kosa ni la nani. Mmoja wetu katika kamati hii alikata bima ya elimu kwa ajili ya binti yake miaka mingi iliyopita. Alipopeleka hati kwa karani wa mishahara, aliambiwa hiyo ni kazi ya watu wa kodi. Alipomwendea ajenti aliyemwuzia bima, yule ajenti, ambaye siku ya kuuza alikuwa hodari wa kusema kama kasuku, alikuwa hapokei simu tena. Ile hati ya kila mwaka inayoonyesha malipo, ambayo bila hiyo hakuna dai, hakuipata mpaka alipokwenda mwenyewe Nairobi na kupoteza kutwa nzima ya kazi. Basi karani alimsukumia mtoza kodi, ajenti akajificha, na mwenzetu akachoka. Ndivyo fedha zinavyopotea, bila mtu kuiba.

Lakini waajiri sasa hawana tena pa kujificha. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 yawataka, tangu tarehe 1 Julai 2025, watie nafuu zote na makato yote anayostahili mfanyakazi kabla ya kukata kodi ya PAYE. Mwajiri anayekwambia leo "nenda ukadai mwenyewe" anavunja sheria, na jina la mwajiri huyo twalitaka katika ofisi ya tawi. Mpe hati yako ya bima kwa barua, naye atie sahihi kwamba ameipokea. Usimpe kwa mdomo.

Ya miaka ya nyuma, hata hivyo, hayatarudi yenyewe. Ni wewe wa kuyafuata, na mlango hauko wazi milele. Sheria ya Taratibu za Kodi yatoa miaka mitano tangu kodi ilipolipwa kupita kiasi. Kodi iliyokatwa mwaka 2022 yaanza kufungiwa mlango mwaka 2027, mwezi baada ya mwezi. Anayengoja "nikipata nafasi" anapoteza mwezi mmoja kila mwezi.

Wako ndugu wanaoogopa. Wanasema: usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Wanadhani ukidai Shs. 5,000, wakubwa watakuja kukuchimbua mpaka kwenye mbuzi wako wa Isinya. Twawajibu hivi. Ni kweli mtoza kodi ana haki ya kukutaka hati, na akikuta umedanganya atakuadhibu. Basi usidanganye. Mwenye P9 ya kweli na hati ya bima ya kweli anaogopa nini? Ukichelewa siku moja wewe, faini ya Shs. 2,000 haikuonei haya. Kwa nini wewe uone haya kudai Shs. 27,000? Mwezi wa Juni 2024 vijana walijaza barabara za nchi hii, na Kitengela haikubaki nyuma, mpaka Rais akakataa kutia sahihi Muswada wa Fedha. Watoto wale walikabili risasi kwa ajili ya kodi ambayo ilikuwa haijatozwa. Sisi wazazi wao twaogopa kujaza fomu kwa ajili ya kodi iliyokwisha kutozwa kupita haki!

Hatutaki kumdanganya mtu. Mwenye mshahara usiozidi Shs. 24,000 hakatwi PAYE, kwa kuwa nafuu ya kila mtu ya Shs. 2,400 kwa mwezi humaliza kodi yote, kwa hiyo hana cha kurudishiwa. Ndugu zetu wengi wa mashamba ya maua wamo humu. Wala usikimbilie kukata bima leo kwa tamaa ya nafuu. Ukiivunja kabla ya muda wake, nafuu yote uliyopata hukatwa katika fedha utakazorudishiwa na kupelekwa Serikalini.

Na hapa ndipo tunapokasirika zaidi. Mzazi aliyeuza ng'ombe sokoni kulipa karo taslimu, sheria haimjui. Anayelipa kampuni ya bima, sheria yamjua. Baba wa watoto sita na kapera asiye na mtoto wapata nafuu moja, zile Shs. 2,400. Huko Marekani mzazi hupunguziwa kodi kwa kila mtoto kwa sababu ni mtoto, bila kuulizwa kama ana bima, na akisahau ana miaka mitatu ya kudai. Ireland wanatoa miaka minne kwa kodi iliyozidi. Sisi tuna miaka mitano, mirefu kuliko yao, lakini mtoto mwenyewe hayumo katika hesabu. Twataka viongozi wetu wa juu walipeleke jambo hili Bungeni kila mwaka Muswada wa Fedha unapoletwa: nafuu kwa kila mtoto wa mfanyakazi, awe na bima au asiwe nayo.

Hilo litachukua muda. Lililo mkononi ni hili. Tafuteni P9 za miaka yote mitano, na aliyepoteza amwombe mwajiri nakala, ni haki yake. Mwandikieni mwenye bima atoe hati ya malipo ya kila mwaka. Ndipo ritani ya kila mwaka isahihishwe katika iTax, mwaka mmoja mmoja, ile sehemu ya bima ijazwe, kisha maombi ya kurudishiwa yapelekwe humo humo. Namba ya benki iwe sahihi. Asiyejua mtandao aje katika ofisi ya tawi Jumamosi asubuhi pamoja na karatasi zake. Tutakaa naye mpaka amalize, wala hatutamtoza kitu.