Semina ya siku moja haimwokoi mkulima na viwavijeshi

SEMINA za siku moja zimezoeleka vijijini. Mtaalamu anasimama mbele ya bango kitita, wakulima wanaandika, soda zinanyweka, karatasi ya mahudhurio inasainiwa na posho inatolewa. Msimu ukianza, mahindi yanaliwa na viwavijeshi vamizi kama mwaka uliopita.

Wadudu hao, walioonekana Tanzania mwaka 2017, wameanika udhaifu wa mafunzo ya aina hiyo. Kiwavi akiwa mchanga anakwangua majani juu juu na dawa inamfikia. Akikua anazama kwenye moyo wa mche, na anayepuliza wakati huo kwa kiasi kikubwa anamwaga fedha yake. Jambo hili halifundishiki kwa maneno ukumbini. Linataka jicho lililozoea kugeuza majani na kutambua mayai.

Ndipo umuhimu wa shamba darasa unapoonekana. Utaratibu huu ulianzia Indonesia mwaka 1989 kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Miaka mitatu kabla, serikali ya huko ilipiga marufuku aina 57 za dawa katika kilimo cha mpunga, kwa kuwa zilikuwa zikiua buibui na viumbe wengine wanaokula wadudu waharibifu. Katika miaka ya 1990 ukaingia Afrika Mashariki kupitia magharibi mwa Kenya.

Wakulima 20 hadi 30 hukutana shambani kila wiki, tangu kupanda hadi kuvuna. Kipande kimoja hulimwa kwa mazoea yao, kingine kwa njia inayojaribiwa. Huhesabu wadudu, huchora mche na walichokiona, kisha hubishana: tupulize au tusubiri? Bwana shamba akiulizwa huyu ni mdudu gani, hurudisha swali: mmemkuta wapi, alikuwa anakula nini? Mwanzoni inakera. Lakini mtu mzima aliyelima miaka 20 si debe tupu la kujazwa maneno, na uamuzi alioufikia mwenyewe hausahau upesi.

Utafiti wa taasisi ya sera za chakula, IFPRI, uliotolewa mwaka 2010 kuhusu Kenya, Tanzania na Uganda ulionyesha kuwa kushiriki kuliongeza kipato kwa wastani wa asilimia 61. Wanawake na wenye elimu ndogo walikuwa miongoni mwa walionufaika zaidi.

Hata hivyo, watafiti wa Benki ya Dunia waliochunguza Indonesia walieleza mwaka 2004 kwamba hawakuona ongezeko la maana la mavuno, wala dawa kupungua, si kwa wahitimu wala kwa majirani zao. Maarifa, kumbe, hayaruki ua yenyewe. Na mradi unaopanuliwa haraka hujikuta na wawezeshaji wanaorudia kuhutubia, ila safari hii chini ya mwembe.

Ratiba nayo ni sehemu ya mafunzo. Kikao kikiwekwa siku ya gulio, wachuuzi hawaji. Kikiwekwa asubuhi ya kuchota maji, akina mama wanakosa, na mara nyingi hao ndio wapaliliaji.

Kikundi kinachoandikishwa kwenye mradi kina haki ya kuuliza mapema nani anachagua somo, nani anapanga siku, na nani atafidia mavuno ya kipande cha majaribio kikishindwa. Swali hilo la mwisho huulizwa mara chache, ingawa kipande chenyewe mara nyingi ni shamba la mwanakikundi.