Mali bila daftari, hata kwenye kompyuta

Wapo wanaodhani kwamba kuandika programu za kompyuta ni kazi ya waliosoma Kifaransa na Kiingereza tu. Sisi tuliorudi kutoka Tanzania, tuliojifunza hesabu kwa Kiswahili, tunaambiwa tusubiri kwanza tujue lugha. Mimi ni mwalimu hapa Bujumbura, na hoja hiyo siikubali.

Chukua mfano wa Perl, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1987 na Mmarekani Larry Wall. Si mpya, lakini ni ya bure na haihitaji kompyuta ya gharama. Hutunza taarifa kwa namna tatu za msingi, ambazo mfanyabiashara wa Gatumba au Kobero anazijua tayari.

Ya kwanza ni thamani moja, kama bei ya kilo ya mchele. Alama yake ni $. Ya pili ni orodha yenye mpangilio, kama foleni ya forodhani. Alama yake ni @, na wa kwanza kwenye foleni huhesabiwa namba 0, si 1. Ya tatu ni daftari la madeni: jina, na mbele yake kiasi. Alama yake ni %.

Hii ya tatu ina mtego. Kila jina hukaa mara moja tu. Ukiandika kwamba Fatuma anadaiwa faranga 20,000, kisha ukamwandika Fatuma mwingine 5,000, kompyuta haitalalamika. Itafuta 20,000 na kuweka 5,000. Deni limepotea kimya kimya! Dawa yake ni kuandika namba ya simu mahali pa jina.

Je, jambo hilo haliwezi kuelezwa kwa Kiswahili? Nimelieleza hapa kwa mistari michache. Kijana anayefundishwa kwa lugha asiyoielewa hukariri alama, na deni la Fatuma hulifuta bila kujua.

Watakaosema Kiswahili hakina maneno wakumbuke kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili.

Nawaomba walimu wenzangu, kuanzia Buyenzi, tuanze na daftari la dukani, ndipo tuwashe kompyuta. Kifaransa na Kiingereza vifuate. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vijana wetu wasije wakawa na kompyuta, na mali ikapotea vilevile.