Vifaranga wa Bata Wakifa, Tazama Ghala Lako

Bata wako ameangua vifaranga 12. Wiki ya kwanza wote ni wazima. Wiki ya pili wanaanza kukataa chakula. Wanazubaa. Wakitembea wanayumba. Asubuhi moja unakuta watatu wamekufa. Kesho yake wanne. Wiki ikiisha, amebaki mama yao peke yake.

Majirani wanakuja kukupa pole. Mmoja anasema ni kideri. Mwingine anasema ni jicho la mtu. Wa tatu anasema bata hawana bahati katika kijiji hiki. Wewe unaitupa mizoga porini na kungoja bata atage tena.

Je, umejua sababu? Hapana. Umesikia maneno tu. Na kama sababu haijulikani, vifaranga watakaofuata watakufa vilevile.

Maoni yangu ni haya: tusitupe mzoga wa kifaranga wa bata kabla ya kujiuliza alikula nini. Mara nyingi jibu liko ndani ya ghala letu. Na ghala hilo ndilo linalotulisha sisi na watoto wetu.

Jambo lililotokea mwaka 1960

Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika miezi michache. Hakuna aliyejua kwa nini. Wataalamu walitafuta vijidudu vya ugonjwa, wasivipate. Ndipo wakauliza: ndege hawa walilishwa nini? Wakakuta wote walilishwa mashudu ya karanga.

Katika siku hizo, vifaranga wa bata walikufa pia Kenya na Uganda. Nao walikuwa wamekula mashudu ya karanga. Mwaka 1961 chanzo kilijulikana. Karanga zilikuwa zimeota kuvu, na kuvu hiyo ilikuwa imetoa sumu. Sumu hiyo leo tunaiita sumukuvu. Huharibu ini.

Wataalamu walijifunza jambo jingine. Kifaranga wa bata hudhurika na sumu hii upesi kuliko kifaranga wa kuku. Ndiyo maana walimtumia kama kipimo. Walimlisha chakula walichokishuku, kisha wakalitazama ini lake.

Ndugu msomaji, wewe pia unacho kipimo hicho uani kwako. Lakini kipimo kikikuonya, unakitupa porini.

Sumu hii huua watu pia

Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu. Kati yao 125 walikufa. Walikuwa wamekula mahindi yenye sumu. Mwaka 2016, hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 walikufa. Chanzo kilikuwa mahindi.

Mtu aliyekula sumu nyingi hutapika. Tumbo humuuma na kuvimba. Macho huwa ya manjano. Ukiona dalili hizo, mpeleke mgonjwa zahanati mara moja. Mtu anayekula sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi haoni kitu mapema, lakini anaweza kupata saratani ya ini.

Sumu hii haiishi kwa kupikwa. Ugali ukiiva, sumu bado imo. Ukitengeneza pombe kwa mahindi yaliyooza, sumu bado imo. Ukimpa ng'ombe, sumu hupita katika maziwa.

Tutafuteje sababu?

Si kila kifaranga anayekufa ameuawa na sumukuvu. Chunguza hivi:

1. Ni nani wanaokufa? Kideri huua kuku zaidi, na bata mara nyingi hawaugui. Kuku wakiwa wazima na vifaranga wa bata wanakufa, usikimbilie kusema ni kideri.

2. Walilowa? Kifaranga aliyeatamiwa na kuku hulowa upesi akiingia majini. Hushikwa na baridi, akafa.

3. Shingo imelegea kama kamba? Huenda walikula mizoga au funza wa mizoga. Huko kuna sumu ya namna nyingine.

4. Walikufa ghafla, shingo imepinda nyuma? Huenda ni ugonjwa wa virusi unaoharibu ini la vifaranga wadogo. Lakini sumukuvu nayo huweza kupinda shingo hivyo. Kwa macho tu hutaweza kutofautisha.

5. Walikula nini siku zote hizo? Tazama mahindi, pumba na mashudu. Je, yana ukungu? Yananuka uvundo?

Kisha mwite mtaalamu wa mifugo wa kata. Usishike mzoga kwa mikono mitupu. Tia mzoga mpya ndani ya mifuko miwili ya plastiki na uuweke mahali pa baridi. Katika mfuko mwingine tia chakula walichokula. Wengi wetu husahau mfuko huu wa pili. Bila chakula, mtaalamu anapata nusu ya habari. Yeye anaweza kupeleka vyote viwili maabara ya mifugo.

Mizoga mingine ifukie. Usiile, wala usimpe mbwa. Nawa mikono kwa sabuni.

"Mahindi ni machache, nitakula nini?"

Najua wapo watakaouliza hivyo. Ni swali la haki. Mkulima aliyehangaika na jembe miezi mingi hawezi kutupa gunia kwa moyo mwepesi. Kwa hiyo mahindi mabovu anawapa bata, anaona ameokoa kitu.

Lakini ameokoa nini? Mahindi yamekwisha na bata wamekufa. Na yale mazuri yaliyobaki yalikaa gunia moja na mabovu. Chembe inaweza kuonekana safi, kumbe ina sumu.

Dawa ni kuzuia kuvu isiote. Usianike mahindi juu ya udongo. Anika juu ya turubai, mkeka au chanja. Kabla ya kuyatia ghalani, yapime kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu. Tia mahindi mpaka robo ya chupa na chumvi kavu vijiko vitatu. Funga, tikisa dakika tatu, kisha iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Yaanike tena. Ikianguka yote chini, yamekauka.

Weka magunia juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Kabla ya kupika au kusaga, chambua. Ondoa chembe zilizooza, zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu pia ziondoe. Zilizoondolewa zifukie. Usimpe bata, wala usimuuzie mwenzako. Mtoto wake ni kama wako.

Ndugu msomaji, leo jioni, kabla hujawamwagia bata chakula, kiweke kwenye ungo. Kitazame na ukinuse. Kama huwezi kumpikia mwanao chakula hicho, usimpe bata. Na kama vifaranga wameanza kufa, usingoje mpaka waishe. Nenda leo ukafungue ghala lako.