KUZIMA TAA NYEKUNDU SIO KUPIMA! STAA WETU, UTATUULIA WATOTO

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira. Jina sitaji, na wala halina haja, mnamjua wenyewe. Yule kaka wa mjini anayevaa miwani hadi usiku, aliyenunua Nissan Leaf ya mtumba toka Japani halafu akatupigia kelele wiki nzima kwamba wanaoweka mafuta ni washamba. Hongera kaka, gari zuri. Tatizo langu ni ile video yako.

Kwa ambao hamkuiona: kaka kaamua kujifungia mwenyewe waya wa kuchajia nyumbani kwake. Plagi ya Kijapani haiingii kwenye soketi zetu, kwa hiyo kaikata, kafunga ya kwetu ya pini tatu. Kachomeka. Kile kiboksi cha kwenye waya kikawaka taa nyekundu. Mtu mwenye akili hapo anasimama anajiuliza. Yeye kacheka, kafungua plagi, kachukua kipande cha waya, kaunganisha nyutro na ethi humo humo ndani. Taa ikawa ya kijani. Muziki ukapanda, akasema imeshapimwa. Mioyo myekundu kama yote.

Na mimi niliisambaza, sikatai. Ndiyo maana naandika.

Sasa njoo huku kwetu Mingoyo, pale Mnazi Mmoja barabara za Lindi, Mtwara na Masasi zinapokutana. Kuna mzee mmoja mstaafu ameletewa na mwanae kigari kama hicho, kimekuja kimebebwa juu ya fuso. Mtaa mzima tulienda kukiangalia. Mjukuu wake mkubwa kaiona video ya staa, kaifuata hatua kwa hatua, kavuta na ekstensheni ya dukani hadi uani. Taa ya kijani. Mzee kafurahi, kaagiza soda.

Siku tatu baadaye mvua imenyesha, ua umelowa. Kajukuu kadogo, miaka sita, peku peku, kameshika mlango wa gari. Tulisikia kelele: "Babu, gari linauma!" Kamerushwa nyuma, kamekaa kwenye tope kanatetemeka. Kamepona, Alhamdulillah. Kaka yangu ndiye fundi aliyeitwa. Akachomoa kila kitu, akafungua ekstensheni, akatuonyesha skrubu ya nyutro imelegea na imeungua. Akafungua plagi, akakuta kale kawaya ka staa. Akamwambia, "Shikamoo mzee. Huyu mtoto ana bahati sana."

Acha niwaeleze alichotueleza, maana hata mimi form four yangu haikunifundisha haya.

Ethi ni ule waya wa kijani na njano. Kazi yake, umeme ukivuja kwenye bodi ya gari uende ardhini, usipite kwako. Nyutro ni njia ambayo umeme unarudia baada ya kufanya kazi. Ukiziunganisha ndani ya plagi, bodi ya gari lako imeshikana na njia ya umeme. Siku nyutro ikilegea mahali popote kabla ya hapo, kwenye soketi, kwenye ekstensheni, au juu ya nguzo, umeme unakosa pa kurudi na unaishia kwenye bodi. Ikikatika kabisa, bodi inakuwa na volti 230. Tairi ni mpira, kwa hiyo gari linatulia kimya linasubiri mtu wa kugusa. Na huku pwani, hewa ya chumvi inavyokula skrubu za soketi mnaijua wenyewe.

Ile taa nyekundu ilikuwa inasema: "Bosi, sioni ethi." Staa kaiziba mdomo, halafu kaita kupima!

Mtu ataniambia, "Lakini si lilichaji?" Hapo ndipo wengi tunapopigwa. Kichwa cha kuchajia cha gari kama lile kina pini tano: mbili za umeme, moja ya ethi, na mbili ndogo za mazungumzo. Kiboksi kinatoa volti 12 kwenye pini moja ndogo. Ukichomeka kwenye gari zinashuka hadi 9, na gari likiwa tayari linazishusha hadi 6. Hapo ndipo unasikia "tak" na umeme mkubwa unaingia. Mazungumzo hayo yanarudi kwa kupitia ethi ya kati ya kiboksi na gari. Kwa hiyo likichaji, umejua tu kwamba ethi ya kipande hicho ipo. Ya kutoka kiboksi hadi ukutani na hadi ardhini hujaijua! Gari linaweza kuchaji vizuri mwaka mzima na hiyo ethi haipo. Siku utakayojua ni siku mtoto anashika mlango.

Kupima kwenyewe ndiko huku. Umeme ukiwa umezimwa na gari halijachomekwa, multimita ilie toka pini ya ethi ya plagi hadi pini ya ethi ya kichwa. Isilie kati ya waya wa moto na ethi. Fundi apitishe mega ya volti 500 kuona kama waya unavuja, apime na ile nondo ya ethi iliyochimbiwa nje. Kwenye ubao wa umeme kuwe na breka ya kukata umeme ukivuja miliampia 30, na ukibonyeza kitufe chake cha T ikate hapo hapo. Halafu chaji nusu saa, zima, shika plagi. Ikiwa ya moto, acha. Pasi unaitumia nusu saa. Betri ya uniti 24 kwenye soketi ya kawaida inavuta zaidi ya saa kumi mfululizo, usiku, nyie mmelala.

Najua mtakachosema. "Mafundi ghali." "Huku Lindi mwenye leseni ya EWURA na anayejua magari ya umeme utampata wapi?" Kweli kabisa, na hilo ni kosa la wanaouza. Mtu anakuuzia gari la mamilioni na waya ambao hauingii kwenye soketi yako, halafu anakuacha na intaneti. Lakini kukosa fundi hakufanyi kale kawaya kawe salama. Multimita bei yake haifiki hata tairi moja la gari hilo. Nondo ya ethi nayo si kitu cha kumshinda mwenye gari.

Na wewe staa, mimi sikukatazi kujifungia. Vijana wa huku wanajifunza kwa kuangalia, na mimi mwenyewe nimejifunza hivyo hivyo. Ndiyo maana unatakiwa uonyeshe vizuri. Ifute ile video. Kisha rudi tena na taa nyekundu ile ile, safari hii uchimbie nondo, uweke breka, upime mbele yetu hadi taa iwe kijani kwa haki. Nitaisambaza mara kumi ya ile ya kwanza.

Ukikaa kimya, basi tujue mioyo myekundu imekuwa na thamani kuliko kale katoto ka Mingoyo kaliposema gari linauma.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nani mwingine amekiziba kiboksi chake mdomo kwa kawaya? Chomoa kwanza, ndiyo uje ubishane na mimi.