Soko la Kasuku: Mnunuzi Aulize Ndege Alizaliwa Wapi

Katika biashara ya ndege wa kufugwa nyumbani, bidhaa inayowapotosha wanunuzi wengi ni kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu anayesifika kwa kuiga maneno ya watu. Ndege wawili wanaofanana kwa manyoya na kwa sauti huweza kuuzwa kwa bei zinazopishana sana. Mnunuzi mgeni hudhani kwamba muuzaji wa bei ya juu ana tamaa na yule wa bei ya chini ana utu. Mara nyingi ukweli ni kwamba ndege mmoja amezaliwa bandani na mwingine amenaswa msituni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kasuku huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa. Jike hutaga mayai 3 hadi 5, huyaatamia kwa karibu mwezi mmoja, na makinda hukaa kiotani kiasi cha wiki 12. Muda wote huo mfugaji analipia chakula, dawa na mishahara. Mtegaji analipia ulimbo na nauli ya kufika msituni, basi. Hakuna mfugaji anayeweza kushindana kwa bei na mtu ambaye hakugharamia uzazi.

Hata hivyo, gharama ambayo haikuandikwa haina maana kwamba haikulipwa. Kati ya mwaka 1975 na 2013, zaidi ya kasuku wa kijivu milioni 1.3 walionaswa porini waliingia katika biashara ya kimataifa, na hao ni wale tu waliofika kwenye hesabu. Waliokufa kwenye ulimbo, kwenye matenga na njiani hawamo. Nchini Ghana, watafiti walikuta kwamba ndege hao wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 1992. Desemba 2010, zaidi ya kasuku 700 walionaswa Kongo walikufa katika safari moja ya ndege kutoka Johannesburg kwenda Durban. Mfanyabiashara wa nafaka anayepoteza kiasi hicho cha shehena kwa siku moja angefunga duka. Katika biashara ya ndege wa porini, hasara ya namna hiyo huzibwa kwa kurudi msituni.

Masoko makubwa yameanza kufunga milango siku nyingi. Marekani ilipitisha sheria ya kubana uagizaji wa ndege wa porini mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulizuia uagizaji huo mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 ukaufanya uamuzi kuwa wa kudumu. Mwaka 2016, mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg ulimpandisha kasuku wa kijivu hadi Kiambatisho cha Kwanza. Kuanzia Januari 2017, aliyenaswa porini haruhusiwi kuvushwa mpaka kwa ajili ya kuuzwa, na aliyezaliwa bandani huvushwa kibiashara ikiwa tu banda lake limesajiliwa chini ya mkataba huo.

Mwenye mtaji mdogo asidharau mabadiliko haya. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na wenye akiba wakabaki wanalisha mali isiyouzika. Juni 2022 lilipotoka tangazo la kuwaruhusu kuuza walichobakiza, lilisitishwa baada ya muda mfupi tu. Kenya nayo, mwaka 2023, ilitoa kipindi cha msamaha ili wenye kasuku wa kijivu wasio na vibali wajisajili. Bidhaa ambayo uhalali wake unategemea tangazo la kesho si mahali pa kuweka akiba ya familia.

Wapo wanaotetea mtegaji kwa kusema kwamba ni mtu maskini anayetafuta riziki. Ni kweli, lakini katika mnyororo mzima yeye ndiye anayepata fungu dogo kuliko wote, na mti wenye kiota ukishakatwa ili makinda yachukuliwe, mwakani hana cha kurudia. Anakula mtaji akidhani ni faida.

Wapo pia wanaonunua kwa huruma. Wanamwona ndege amejikunyata ndani ya tundu chafu kando ya barabara, wanatoa fedha ili kumwokoa. Nia ni njema, lakini muuzaji hapokei huruma. Anapokea bei, na jioni hiyohiyo anaagiza mwingine. Ndege huyo asaidiwe kwa kutoa taarifa kwa maofisa wa wanyamapori.

Kwa hiyo mnunuzi afanye nini? Kwanza, atazame pete ya mguuni. Pete isiyo na kiungo huvishwa kinda akiwa bado mdogo kiotani, na mguu ukishakua haipiti. Pili, atazame macho. Kinda ana macho ya rangi nzito, na mtu mzima ana macho ya njano. Anayeuza ndege mwenye macho ya njano huku akiapa kwamba ametotolewa miezi mitatu iliyopita, huyo anadanganya. Tatu, na hili ndilo kubwa, aombe kuona wazazi wa ndege na daftari la banda, kwa kuwa pete na vibali vyote huweza kughushiwa. Mfugaji wa kweli hujivunia vitu hivyo viwili, naye mlanguzi huwa na sababu kwa nini leo haiwezekani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kasuku huweza kuishi miaka 40 na zaidi, na huenda akamzika aliyemnunua. Asiyepata muuzaji mwenye daftari amchukue ndege ambaye mwenyewe ameshindwa kumtunza, kwa kibali halali, au akae bila kasuku. Kukosa ndege wa kuongea naye nyumbani hakujamfilisi mtu.