SEHEMU YA 7: Si kila "bawasiri" ni bawasiri

Mama zangu na dada zangu wa Kibondo na Kasulu, na nyie akina baba mnaochungulia simu ya mke. Somo la leo ni la wakubwa. Kama watoto wako pembeni, lisome baadaye.

Tunaongelea magonjwa ya zinaa yanayokaa kwenye njia ya haja kubwa, hasa kwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao. Najua kuna atakayesema, "Sista, hayo ni ya mjini." Hapana. Yapo kila mahali penye watu, ila huku kwetu hayasemwi. Na msimamo wangu ni huu: ugonjwa usiosemwa hautibiwi, na usiotibiwa unaweza kumfikia mama na mtoto tumboni.

Twende taratibu.

Kisonono, klamidia na kaswende vinaingia njia ya haja kubwa kama vinavyoingia sehemu za siri za mbele. Vinampata mwanaume, na mwanamke pia. Mara nyingi havina dalili. Zikitokea, ni maumivu wakati wa choo, ute au usaha, damu kidogo, muwasho, au kuhisi haja isiyoisha. Sasa mtu akiona damu atasema nini? Bawasiri! Ananunua dawa ya mizizi sokoni, wiki zinapita, anaona nafuu, maisha yanaendelea. Lakini kidonda cha kaswende mara nyingi hakiumi na hufunga chenyewe, huku ugonjwa ukibaki mwilini.

Kipimo cha mkojo hakioni ugonjwa ulioko huko nyuma. Kinatakiwa kijiti cha pamba kipitishwe pale pale, kisha maabara ipime. Vituo vyetu vingi havina kipimo hicho, hivyo tunatibu kwa kufuata dalili na maelezo ya mgonjwa. Akificha, tutamtibu nini?

Kwenye pwani ya Kenya, watafiti wa KEMRI wamefuatilia afya za wanaume hawa kwa miaka mingi. Wengi waliokutwa na kisonono au klamidia kwenye njia ya haja kubwa hawakuwa na dalili yoyote. Na baadhi yao wana wapenzi wa kike pia. Februari 2010, kundi la watu likavamia kituo cha KEMRI pale Mtwapa kwa uvumi wa harusi ya wanaume wawili. Jamani, fujo ile ilimponya nani? Mgonjwa akiogopa kituo, anabaki na ugonjwa wake, na anaurudisha nyumbani.

Kwetu Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo kisichopungua miaka 30, hata cha maisha. Sheria ina watu wake, dini ina viongozi wake. Mimi ni nesi. Aliyekuja na usaha ni mgonjwa, na siri yake inabaki chumba cha matibabu. Manesi wenzangu, tuulize bila kukunja uso. Ukimcheka mmoja, kumi hawaji.

Faida ya kutibu vizuri tuliiona hapa hapa nchini. Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vituo vya kawaida vya vijijini viliimarishwa kwenye matibabu ya magonjwa ya zinaa: wahudumu wakafundishwa, dawa zikapatikana. Matokeo yalitoka 1995: maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takribani asilimia 40 ukilinganisha na vijiji vingine. Ilikuwa kazi ya zahanati tu, mama zangu.

Sasa wewe mama ufanye nini?

1. Ukiwa mjamzito, wahi kliniki, nenda na mwenzio. Mpimwe kaswende na VVU. Kaswende isiyotibiwa inaweza kuua mtoto tumboni, na sindano ya penisilini inamkinga. Kisonono nacho kinaweza kuharibu macho ya mtoto wakati wa kuzaliwa.

2. Msigawane dawa. Doksi anayopewa baba kwa klamidia haifai kwa mjamzito. Kila mtu apate yake kituoni, na msikutane kimwili mpaka wote mmalize.

3. Mume akikuambia ana tatizo, usianze na "umeitoa wapi?" Anza na "twende tukatibiwe wote." Maswali yako ni ya haki, lakini yatangulie matibabu.

4. Kijana wako mkubwa akilalamika maumivu ya haja kubwa, mpeleke kituoni, kisha wewe kaa nje. Mwache aongee na mhudumu peke yake. Usimlazimishe akueleze kila kitu.

5. Mtoto mdogo akiwa na usaha au jeraha huko, hilo ni jambo lingine kabisa, huenda kafanyiwa ukatili. Hospitali haraka, siku hiyo hiyo, maana dawa ya kuzuia VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72. Na dawati la jinsia la polisi lijulishwe.

Unaweza kukataa anachofanya mtu na bado ukataka apone. Akipona yeye, na wewe na mwanao mnakuwa salama zaidi.

Sehemu ya 8 ni kaswende na ujauzito. Maswali njoo inbox, jina lako sitalitaja.